Nyota mbili kwa mama aliyeniuzia Doa

Nimekaa miezi mitano bila kuandika haya. Kila nilipoanza, hasira ilishika kalamu kabla yangu, na mteja mwenye hasira hamsaidii mteja mwenzake. Leo Doa, mbwa mwenyewe, amelala juu ya miguu yangu, anakoroma kama mtu mzima, na nimepoa kiasi cha kumpa mfugaji nyota mbili badala ya kumnyima zote. Jina lake silitaji. Niliyoyaona kwake utayakuta kwa wafugaji wengine wengi, wabaya na wazuri, kwa hiyo ni bora uyajue mambo kuliko kulijua jina.

Niseme kwanza kazi yangu, maana ndiyo inayonitia aibu zaidi. Mimi ni karani wa bohari, mwaka wa 19 sasa napokea mizigo. Katoni haivuki mlango wangu kabla sijahesabu, sijalinganisha na hati, sijatazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Madereva wamenibatiza Fungua Tuone. Na ni Fungua Tuone huyohuyo aliyesimama kwenye banda la mbwa Jumamosi saa nne asubuhi, akatia saini karatasi mbili bila kuzisoma, kwa sababu mtoto wa mbwa mwenye doa jeupe kifuani alikuwa ameng'ang'ania kamba ya kiatu chake na hataki kuiachia.

Mazuri yapo, na nayatanguliza kwa sababu ni ya kweli. Banda lilikuwa kavu, halinuki. Mama wa watoto alikuwepo, German Shepherd mtulivu, na nilionyeshwa bila kuomba. Ukienda kununua mbwa ukaambiwa mama yake "yuko kwingine", geuza njia urudi. Watoto walikuwa sita na wote wamezoea kushikwa, hakuna aliyejificha pembeni. Mfugaji, mama mtu mzima mwenye sauti ya ualimu, alimjua kila mmoja. "Huyu wa doa mlafi, mwanangu, usimwachie sahani. Yule mwenye ukosi wa kahawia ana moyo mwepesi, mlango ukigongwa tu anakojoa." Alikuwa amewaweka na mama yao mpaka wiki nane kamili, ingawa kuna waliotaka kuwachukua mapema. Dawa ya minyoo alianza kuwapa wakiwa na wiki mbili, akarudia kila baada ya wiki mbili. Wengi hulipuuza hilo, kumbe minyoo ya mviringo humpitia mtoto akiwa bado tumboni mwa mama. Mbwa anaweza kuzaliwa tayari anayo. Baadaye kinyesi cha Doa kilipopimwa, hakikuwa na hata yai moja. Nyota ya kwanza imetoka hapo.

Kuna kitu kimoja nilikiona asubuhi ile na sikukielewa. Niliingia na viatu vyangu vilevile nilivyotembelea mtaani. Hakuna aliyeniambia nivue, wala ndoo ya dawa ya kukanyagia haikuwepo. Na sikuwa wa kwanza kuingia siku hiyo.

Nikaenda naye nyumbani. Jumapili, kwa majivuno ya mtu mwenye mtoto mpya, nilimpeleka kwa kaka yangu akaonwe na watoto, akachezea majani ya uani kwa saa mbili nzima. Jumatatu nilikuwa kazini. Jumanne nilikuwa kazini. Jumatano jioni Doa alinusa chakula akakiacha, mlafi yule, akaenda kulala nyuma ya mlango wa stoo. Usiku akatapika povu la manjano mara tatu.

Nikapiga simu.

"Umembadilishia chakula?" mama akauliza.

Nikakiri kwamba ndiyo, siku ya pili tu nilimpa cha aina nyingine.

"Basi ni hicho. Tumbo la mtoto hilo. Ndugu zake wote wazima, mwanangu, lala."

Naomba uishike sentensi hiyo, *ndugu zake wote wazima*. Nitairudia.

Alfajiri ya Alhamisi sikuhitaji kuambiwa na mtu. Aliyewahi kuisikia harufu ya kuhara kule haisahau, ni damu iliyochanganyika na kitu mfano wa chuma kilichooza. Daktari wa mifugo alichukua kinyesi kidogo kwa pamba, akakiweka kwenye kile kipimo cha haraka, na baada ya dakika kama kumi mstari ukajichora. Parvo, ugonjwa wa kirusi unaochubua utumbo wa mbwa. Akatoa na damu, chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa zilikuwa zimeporomoka. Akamchomeka dripu mguuni huku ananieleza bila kuinua macho. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1978, ukasambaa duniani kwa muda mfupi, na mpaka sasa hospitali nyingi hazina dawa ya kuua kirusi chenyewe. Kinachofanyika ni kumbeba mgonjwa mpaka mwili wake ushinde: maji na chumvi kupitia mshipa, dawa ya kuzuia kutapika, chakula kidogo kidogo mapema iwezekanavyo, na antibiotiki kwa sababu utumbo uliochubuka unawafungulia bakteria njia ya kuingia kwenye damu. Asiyetibiwa mara nyingi hufa. Anayelazwa mapema, wengi hupona. German Shepherd, akaongeza, ni miongoni mwa mbegu ambazo ugonjwa huu huzibana zaidi. Asante kwa taarifa, daktari.

Nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali ndipo nilipousoma mkataba kwa mara ya kwanza. Kurasa mbili. Kifungu cha tatu: muuzaji anadhamini afya ya mbwa kwa saa 72 tangu kukabidhiwa. Kifungu cha nne: mnunuzi ampeleke mbwa kwa daktari ndani ya saa 48, la sivyo dhamana inakufa. Nilikabidhiwa Jumamosi saa nne. Dhamana yenyewe ilikwisha Jumanne saa nne. Na hata hiyo Jumanne haikuwa yangu tena, maana Jumatatu saa nne, muda wangu wa daktari ulipokatika, mimi nilikuwa nahesabu katoni za sabuni.

Sasa tazama hesabu hii, kwa sababu ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Parvo, tangu mbwa aipate mpaka dalili zionekane, huchukua kwa kawaida siku tatu mpaka saba, na inaweza kufika 14. Ugonjwa mwingine unaoogopwa, distemper, huchukua wiki moja hadi nne, pengine zaidi. Kwa hiyo dhamana ya saa 72 inakaribia kuisha kabla ugonjwa wowote wa maana haujapata nafasi ya kujitokeza. Ni kama mtu akuuzie mwavuli kwa sharti kwamba usipovuja kabla ya mvua, hana deni nawe. Sijui kama mama aliiandika yeye au aliinakili kwa mwenzake, na kwa heshima ninamkadiria la pili. Lakini baadaye nilisoma kwamba huko Marekani, Florida imeweka siku 14 kwa ugonjwa na California siku 15, na mwaka mzima kwa kasoro za kuzaliwa nazo, na kwamba mnunuzi hapo hachagui tu kurudisha mbwa. Anaweza kubaki naye na muuzaji akachangia gharama za daktari kwa kiwango kilichowekwa. Aliyeandika siku 14 alikuwa amezungumza na daktari wa wanyama. Aliyeandika saa 72 alizungumza na mfuko wake.

Ijumaa nikampigia mama tena, sasa nina jibu la kipimo mkononi. Alikuwa na hoja tatu, na sitazidharau, maana mbili zilikuwa nzuri kuliko zangu.

Ya kwanza: sikwenda kwa daktari ndani ya saa 48. Kweli. Sina la kujibu. Daktari asingeiona parvo Jumatatu, lakini angeiona kadi ya chanjo, na nitaeleza kwa nini hilo lina uzito.

Ya pili: nilimpeleka mbwa asiyemaliza chanjo kwenye uwanja wa watu. Kweli tena. Kirusi hiki hukaa ardhini miezi mingi, hata kupita mwaka penye kivuli, na kutoka Jumapili mpaka Jumatano usiku ni siku tatu na kitu. Inawezekana kabisa aliokota uani kwa kaka. Nililala na wazo hilo usiku ule na sikulala.

Ya tatu ndiyo iliyonishangaza kwa ujanja wake. "Mwanangu, kile kipimo hudanganywa na chanjo. Alichanjwa juzi tu. Mstari ule ni chanjo inaonekana, si ugonjwa."

Nikampelekea daktari maneno hayo, akacheka kidogo. Ni kweli, akasema, chanjo hii hutengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa siku kadhaa baada ya kuchanjwa kipimo kinaweza kuonyesha mstari hafifu. Ila chanjo haimhareshi mbwa damu wala haiangushi chembe nyeupe namna hii. Kisha akanyoosha mkono. "Nione kadi."

Kadi ya Doa ina mistari sita. Wa kwanza, wiki ya sita: tarehe, stika ya chupa yenye namba ya toleo, saini na muhuri. Wa pili, wiki ya nane: tarehe ya Alhamisi, siku mbili kabla sijamchukua. Imeandikwa kwa kalamu ya buluu. Hakuna stika, hakuna saini, hakuna muhuri. Mzigo ukinijia na hati ya namna hiyo naurudisha kabla dereva hajazima injini.

Nilipomuuliza mama kuhusu ule mstari, simu ikawa kimya mpaka nikadhani imekatika. Halafu akasema daktari wake hakuja siku ile. Tarehe aliiandika mapema, ya kukumbusha.

Kwa haki yake niongeze jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui, na mimi sikulijua. Hata kama chanjo ile ya pili ingechomwa, Doa angeweza kuugua. Mtoto hunyonya kingamwili kutoka kwa mama yake, na hizo hizo zinazomlinda huizuia chanjo isishike. Zinapungua kidogo kidogo kati ya wiki ya sita na ya 16, kila mtoto kwa wakati wake, na hupo kipindi ambapo zimekuwa chache mno kumlinda na nyingi mno kuiachia chanjo ifanye kazi. Ndiyo maana huchanjwa tena na tena, kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka apite wiki 16. Mfugaji safi kabisa anaweza kuuza mbwa atakayeugua. Kwa hiyo simhukumu mama kwa sababu mbwa wake aliugua. Ningeandika nyota nne na mkono usitetemeke kama yote yangeishia hapo.

Hayakuishia hapo. Jumamosi ile bandani nilikutana na dada mmoja aliyekuja na wanawe wawili kumchukua yule mwenye ukosi wa kahawia. Tulibadilishana namba, ndugu wa tumbo moja waje wacheze pamoja wakikua. Ijumaa jioni, katika kutafuta faraja tu, nilimpigia. Wa kwao alianza kutapika Jumanne. Jumatano asubuhi alipimwa, na saa nne asubuhi hiyo hiyo dada alimtumia mama picha ya kipimo, mstari ukiwa umekolea. Nimeiona picha na nimeiona saa yake. Mama alijibu: "Pole sana, nitafuatilia."

Mimi nilipiga simu Jumatano usiku. *Ndugu zake wote wazima, mwanangu, lala.*

Nyota tatu zimepotelea hapo, zote kwa pamoja. Kwa mtoto wa mbwa mwenye parvo, usiku mmoja wa maji mwilini ni kitu kikubwa. Kama angeniambia tu "mmoja ameumwa, kimbia", ningekimbia. Na mbwa wa dada hakuwahi kukanyaga uani kwa kaka yangu. Wawili waliotoka banda moja asubuhi moja, wakaenda nyumba mbili zisizojuana, wakaugua kwa kupishana siku moja. Daktari hakukubali kuapa, ila alisema kama angelazimishwa kuweka dau, angeweka bandani, pengine kwenye kiatu cha mmoja wetu tulioingia bila kuvua.

Yule mwenye ukosi wa kahawia alikufa Ijumaa hiyo usiku. Dada alinitumia ujumbe wa maneno mawili na sikujua la kujibu, nikaandika pole, nikafuta, nikaandika tena.

Doa alilazwa usiku tano. Wa tatu ulikuwa mbaya. Katikati ya hayo mama alileta masuluhisho yake. Kwanza: "Mrudishe, nitamtibu mwenyewe, nikurudishie fedha." Kwenye karatasi hilo ni jibu zuri, bidhaa yenye kasoro inarudi kwa muuzaji, mimi mwenyewe naishi kwa kanuni hiyo. Lakini mbwa yumo kwenye dripu. Kumtoa, kumsafirisha, kumrudisha kwenye banda lile lile, ni kumuua kwa utaratibu. Nikakataa. Pili, siku sita baadaye, baada ya ukimya mrefu: mbwa mwingine bure, kutoka uzao uleule. Nilipomwambia daktari alivua miwani. Banda lile lilikuwa na kirusi, nyumba yangu ilikuwa na kirusi, na huyo mbadala hajamaliza chanjo. Sakafu zangu tulizisugua kwa klorini ya majimaji ya kufulia nguo, sehemu moja kwa 30 za maji, baada ya kuosha uchafu wote kwanza kwa sabuni, maana klorini juu ya uchafu ni kazi bure. Lakini udongo wa uani huwezi kuusugua.

Nilichoomba mwishoni kilikuwa nusu ya bili ya hospitali, ambayo yote kwa ujumla ilizidi bei niliyomnunulia mbwa. Kaka aliniita mjinga, kwa nini si yote. Kwa sababu ya zile saa 48 zangu na ule uani wake, nikamjibu, na akanyamaza. Sikutukana, sikutishia. Nilituma bahasha moja: ripoti ya daktari yenye tarehe, majibu ya damu, picha ya kadi, risiti zote, na barua fupi isiyo na kivumishi hata kimoja. Kazi yangu imenifundisha kwamba anayepiga kelele hurudishwa kesho, anayeleta hati hushughulikiwa leo.

Mama alilipa. Kwa mafungu mawili, la pili likachelewa, lakini alilipa hadi senti ya mwisho. Na kabla ya kulipa aliwapigia wanunuzi waliobaki, mmoja mmoja, kuwaeleza ukweli. Hilo nililipata kwa dada, si kwake. Dada naye alirudishiwa bei yote ya mbwa. Mama akasimamisha kuuza. Nyota ya pili imetoka hapo, na ingawa imechelewa kama lile fungu lake, ni nyota.

Je, ningenunua kwake tena? Watu wameniuliza. Labda, siku ile mkataba utakaposema siku 14, na mlangoni pakiwa na ndoo ya kukanyagia. Na mimi nitakwenda na miwani. Nitaomba kadi kabla sijamtazama mbwa, nitahesabu stika, nitampigia daktari aliyegonga muhuri nimuulize kama muhuri ni wake, nitaweka miadi ya kliniki kabla hata sijamchukua mbwa mwenyewe. Chakula alichozoea nitaomba cha wiki moja, nimchanganyie pole pole. Na nitachukua namba za wanunuzi wote nitakaowakuta pale. Kama nisingekuwa na namba ya yule dada, mpaka leo ningeamini nusura nimuue mbwa wangu kwa majani ya kaka.

Kifungu cha saba cha mkataba, nilichokisoma wiki ya tatu, kinadhamini nyonga kwa mwaka mmoja. Kwa mbegu hii ni kifungu cha maana, na nimekiwekea alama.

Alipofika wiki ya 12 Doa aliendelea na chanjo. Aliyepona parvo ana kinga yake imara, lakini magonjwa mengine kwenye chupa ile hayajui alishapigana vita gani. Daktari alibandika stika kwenye mstari wa tatu, akatia saini, akagonga muhuri. Kisha akarudi juu kwenye mstari wa pili, ile tarehe tupu ya Alhamisi, akaupitishia kalamu nyekundu kwa rula.